Bati la Katikati

Ribiti kumi na nane, Nzyoki amezihesabu kwa kidole cheusi,
na boliti nne za chini zilizolewa kutu,
spana ikizigusa zinazunguka tu, hazitoki.
"Hii si kazi ya spana, dada. Hii ni ya grinda."
Kariobangi, saa nne asubuhi, stima imerudi sasa hivi,
kila kibanda kinapiga kelele kilizodaiwa tangu jana.

Nilimweleza: nauza fimbo za pazia.
Fimbo ni mita tatu. Tumbo la gari ni mita mbili na nusu.
Nusu mita ndiyo inayoninyima wateja wa Kitengela,
nusu mita ya hewa, imekaa upande wa dereva
bila kulipa kodi.
Akacheka. "Lakini ujue,
ukikanyaga breki, mzigo unakuja shingoni.
Bati hili halikuwekwa kwa chuki."

Sikumwambia mengine.
Kwamba mnadani nililijua gari kwa namba zake,
namba nilizozikariri nikiwa darasa la tatu,
nikisubiri getini.
Kwamba miaka kumi na tisa baba alipanda nyuma,
kati ya kreti za mikate, mlango ukafungwa kwa nje,
na mbele akakaa Gichohi, na redio, na dirisha,
na barabara yote.

Baba aliijua Nairobi kwa mgongo.
Tuta moja la Barabara ya Jogoo alilipa jina: Shangazi.
Kuna kona ya Buruburu iliyomlalia bega la kushoto
hata leo akiingia usingizini anajishika.
Mto ukinuka, alijua wamefika Kamukunji.
Akishuka, akipakua, akirudi gizani
na unga kwenye kope.

Walikuwa na lugha yao, ngumi na bati:
moja, simama;
mbili, twende;
tatu, polepole, kreti zinanikaba.
Neno la nne hawakuwahi kulitunga.
Gichohi alipofiwa na mkewe, baba alijua baada ya siku nne,
gari liliposimama katikati ya barabara
bila ngumi yoyote.

Grinda ikaanza. Cheche zikamwagika
kama mchele gunia likitoboka,
na harufu ya chuma ikafukuza ile ya mkate
niliyodhani imekwisha zamani.
Bati likalegea, likaegemea kiti cha mbele
kama abiria mlevi.

Tukaligeuza.
Kwa nyuma, penseli: mistari mitano mitano,
kreti zilizorudi, kreti zilizopotea,
sukari kilo moja, karo, karo, karo,
na jina langu, herufi zikipanda na kushuka
kila palipokuwa na shimo.
Na pale pa ngumi, kibonyeo laini,
kinatosha kijiko kimoja cha maji.

"Wa vyuma chakavu yuko hapo nje," Nzyoki akasema, "ananunua kwa kilo."
Sikujibu upesi.
Kisha nikamwomba anikatie kile kibonyeo, kadiri ya sahani.
Kilichobaki kikapimwa. Bei haikuwa mbaya.

Jioni nilimleta Mzee Khisa akalione.
Nilimfungulia mlango wa mbele; hakuuona.
Akazunguka, akapanda kwa nyuma, goti baada ya goti,
akainama vile vile, ingawa hakuna kreti,
akafika pale,
akainua ngumi apige mbili.

Ngumi ikapita.
Ikabaki inaning'inia karibu na sikio langu,
na mwanga wa kioo cha mbele ukamfikia hadi viatuni.
Akatazama usukani. Akatazama kiti.
Akanyoosha mkono tena, polepole,
akagusa mgongo wa kiti bila hata kukunjua kiwiko.

"Kumbe Gichohi alikuwa karibu hivi," akasema.

Nikawasha gari. Linapiga makelele zaidi sasa, mwili mzima.
Kesho nitarudi kwa Nzyoki aniwekee wavu.
Breki ni breki.